Chakula cha shule Kigoma: tumehesabu magunia, kitoweo tumekisahau

Mkutano wa wazazi wa shule ya msingi, popote pale mkoani Kigoma, ukifika kwenye ajenda ya chakula cha mchana hugeuka somo la hesabu. Kila mtoto alete mahindi kiasi gani, maharage kilo ngapi, fedha ya mpishi na ya kuni shilingi ngapi. Mwenyekiti wa kamati ya shule anajumlisha, mwalimu mkuu anaandika, waliokaa nyuma wananung'unika, na kikao kinafungwa kwa azimio la magunia. Mkaguzi akija naye anauliza hilohilo: mmekusanya magunia mangapi? Shule yenye magunia stoo inalisha, isiyo nayo hailishi, na ripoti imekamilika.

Sina ugomvi na gunia. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila hata kikombe cha uji, akakaa darasani hadi saa nane, hahitaji kuhubiriwa kuhusu mlo kamili, anahitaji kushiba. Ila kipimo cha gunia kimetuzoesha kuona chakula cha shule kama kazi ya kujaza tumbo tu, na kimetufanya tukisahau kitu ambacho Kigoma inacho kuliko mikoa mingi ya nchi hii, yaani kitoweo. Tukitaka chakula cha shule kilicho bora, kinachotoka hapahapa na kisichoharibu ziwa wala misitu yetu, tuanzie kwenye kitoweo. Na shilingi chache za umma zinazopatikana ziende huko kabla ya kwenda kwenye unga.

Chukua jiko la shule moja iliyo kando ya barabara ya kwenda Kasulu, shule ambayo kwa viwango vyetu inasifiwa kwa sababu inalisha. Mpishi amewasha moto tangu asubuhi ili maharage yaive kabla ya saa saba. Mafiga matatu, sufuria nyeusi ti, magogo mabichi yanayotoa moshi kuliko moto. Maharage yanachemka na chumvi. Kitunguu kipo siku ambazo kipo. Mafuta ni ya wiki ya kwanza ya muhula. Kengele ikilia watoto wanapanga foleni na mabakuli yao, ugali unakatwa kwa sahani, na juu yake unamwagwa mchuzi ambao maharage yake yanahesabika. Wa mwisho kwenye foleni wanapata mchuzi mtupu. Kesho hivyohivyo, na keshokutwa hivyohivyo, mpaka stoo itakapokauka mwezi mmoja kabla ya kufunga shule.

Mita chache kutoka getini, akina mama wamepanga madumu ya mawese mekundu barabarani wakisubiri magari. Na ukishuka hadi Kibirizi, mwaloni, utakuta dagaa wameanikwa kwa maelfu wakisubiri kufungwa kwenye viroba na kupandishwa kwenye malori ya Dar es Salaam. Dagaa wa Kigoma anasifiwa katika masoko ya nchi nzima. Anayemkosa ni mtoto wa Kigoma anayesoma darasa la nne.

Nikisema kitoweo sina maana ya anasa. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Tena analiwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo mtoto anapata na madini ya kalisi, chuma na zinki, pamoja na vitamini B12 ambayo maharage hayana hata uyapike namna gani. Maharage ni chakula kizuri na sipendekezi yaondolewe. Lakini chuma iliyomo ndani yake mwili unaipokea kwa shida, na inapokelewa vizuri zaidi ikiwa kwenye sahani hiyo kuna kipande cha samaki, au tunda lenye vitamini C kama pera, chungwa au embe. Samaki kidogo ndani ya maharage anayafanya maharage yenyewe yafanye kazi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa "chakula cha nyumbani" huliruka. Tukisema shule zile vya kwetu, basi nusu ya mkoa huu cha kwetu ni ugali wa muhogo. Muhogo unastahimili ukame, unakaa ardhini ukikusubiri, hauhitaji mbolea ya dukani. Ni chakula cha kujivunia. Lakini unga wa muhogo una protini kidogo mno, asilimia 2 au pungufu, wakati wa mahindi una kama 8. Shule inayohama kutoka mahindi kwenda muhogo kwa sababu ni rahisi na ni wa hapa, ikabaki na mchuzi uleule mwepesi, imeokoa fedha na kumpunja mtoto. Wazee wetu walilijua hilo bila maabara: ugali wa muhogo haukuwekwa mezani bila migebuka, dagaa au kisamvu kilichoungwa kwa karanga au mawese.

Sasa tupige hesabu nyingine, hii ya kitoweo. Chukua shule ya watoto 600. Kila mtoto apate gramu 20 za dagaa wakavu, konzi ndogo inayompa kama gramu 12 za protini, karibu nusu ya anayohitaji kwa siku mtoto wa kilo 25. Kwa siku ni kilo 12. Tukisema dagaa waliwe mara mbili kwa wiki na siku nyingine maharage, kwa wiki ni kilo 24. Mwaka wa masomo una siku 194, yaani kama wiki 39, kwa hiyo kwa mwaka mzima shule hiyo inahitaji kilo 936. Haifiki tani moja. Shule hiyohiyo, kwa gramu 150 za unga kwa mtoto kwa siku, inakula zaidi ya tani 17 za unga kwa mwaka. Mzigo unaotushinda mikutanoni ni wa unga. Mzigo wa kitoweo unabebwa na gari dogo moja, na sijawahi kusikia kamati iliyoupigia hesabu.

Dagaa wana faida nyingine jikoni. Maharage makavu yanachemka saa mbili, tatu, na ukiyapika bila kuyaloweka usiku kucha ni zaidi ya hapo. Dagaa waliooshwa vizuri wanaiva kwa dakika zisizozidi 20. Serikali imeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo mwisho wake. Shule nyingi za vijijini zinalisoma agizo hilo na kucheka kwa uchungu, kwa sababu mtungi wa gesi wa kupikia maharage ya watoto 600 unaisha kabla hujamaliza kuufurahia. Siku mbili za dagaa katika wiki ni siku mbili za moto mfupi. Huko ndiko gesi au jiko banifu linapoanza kuonekana linawezekana.

Mawese nayo yana habari yake. Vijiweni hapa Kigoma tunapenda kusimulia kwamba Wamalaysia walikuja kuchukua mbegu za michikichi kwetu wakatajirika. Ni simulizi tamu, ila michikichi ya Malaysia asili yake ni Afrika Magharibi, kupitia miche minne iliyopandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848. Cha kweli ni kwamba sisi tumeishi na zao hili vizazi na vizazi, na tangu 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha miche ya aina ya Tenera inayotoa mafuta mengi kuliko Dura ya zamani. Mazungumzo yote lakini ni ya kuziba pengo la mafuta ya kula nchini na kupunguza kuagiza kutoka nje. Jiko la shule halitajwi.

Na jiko la shule ndilo lingefaidika kwanza. Wekundu wa mawese unatokana na kitu kilekile kilicho kwenye karoti, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kijiko kimoja cha chakula kwa mtoto kinampa sehemu kubwa ya vitamini A anayohitaji kwa siku hiyo. Kwa shule yetu ya watoto 600, mililita 10 kwa kila mmoja ni lita 6 kwa siku; kwa mwaka ni madumu 58 ya lita 20. Sharti ni moja, na linawahusu wapishi: mawese yasiunguzwe. Wengi wetu tumezoea kuyachoma mpaka yatoe moshi na rangi ipauke, tukisema tunaondoa harufu. Tunachoondoa ni ile vitamini tuliyoifuata. Yamiminwe kwenye mchuzi, moto wa wastani, yabaki na wekundu wake.

Nafahamu pingamizi lenye uzito kuliko yote, nalo ni ziwa lenyewe. Samaki wa Tanganyika wanapungua. Uvuvi umeongezeka, nyavu za macho madogo zimezagaa, na maji ya juu yanavyozidi kupata joto yanachanganyika kwa shida na ya chini, hivyo rutuba iliyoko kwenye kilindi cha ziwa lenye kina cha mita 1,470 haipandi kama zamani kulisha viumbe vidogo wanaoliwa na dagaa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Je, ni busara kuziongezea shule kitoweo cha ziwa lililochoka?

Jibu langu ni ndiyo, ila inategemea tunavyonunua. Kwanza tani moja kwa shule kwa mwaka si mzigo mpya juu ya ziwa. Dagaa hao tayari wanavuliwa, wanachobadilisha ni njia. Pili, shule ni mnunuzi anayeweza kuweka masharti: hatununui dagaa wachanga, hatununui waliovuliwa wakati wa kufungwa. Mchuuzi mmojammoja hawezi kusema hivyo. Shule 50 zikinunua kwa pamoja zinaweza.

Kuhusu miezi ya kufungwa, hesabu ni nyepesi kuliko hofu. Kati ya majuma 13 ya katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, likizo ya Juni inakula kama manne au matano. Yanabaki majuma manane hivi ya masomo. Shule yetu ingehitaji akiba ya kilo 192, viroba vichache vinavyokaa kwenye kona ya stoo, na dagaa waliokaushwa sawasawa na kufungwa vizuri wanavumilia muda huo. Hata katika miezi ya kawaida uvuvi wa dagaa unafuata mwezi: gizani taa zinawavuta, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Mama wa nyumbani Ujiji ananunua wakati wa giza na kuweka. Shule inanunua siku fedha ilipoingia, hata kama ni katikati ya mbalamwezi, kisha inalalamika kwamba dagaa ni ghali.

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Nani anaiuzia shule, na kwa utaratibu gani? Ununuzi wa umma sasa unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao. Anayeuza awe amesajiliwa, awe na namba ya mlipakodi, atoe risiti ya EFD, na awe na pumzi ya kusubiri malipo. Mama anayekausha dagaa Kibirizi au Katonga hana pumzi hiyo. Mtaji wake ni mzunguko wa siku chache: leo amenunua wabichi, keshokutwa auze wakavu, vinginevyo hana cha kununulia tena. Kwa hiyo zabuni inamwendea mfanyabiashara wa mjini, ambaye anakwenda kununua kwa mama yuleyule, anaongeza chake, na shule inalipa bei ya juu kwa dagaa wa chini. Sheria ya ununuzi imetenga fursa za zabuni kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na halmashauri zina wajibu wa kuwakopesha asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Mikopo inatolewa upande huu, shule zinanunua upande ule, na pande hizo mbili hazisalimiani. Kikundi kinakopeshwa kikaushe dagaa bila kujua kitamuuzia nani, ilhali mnunuzi mwenye wateja 600 wasiokosa siku yuko kilomita tatu kutoka hapo.

Brazil walilitatua jambo hili kwa sheria. Mwaka 2009 waliandika kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wa familia, kwa utaratibu mwepesi usio wa zabuni ya kawaida. Sisi si Brazil na hazina yetu si yao. Lakini kipengele cha utaratibu mwepesi hakihitaji hazina. Kinahitaji halmashauri kukubali mkataba wa muhula mzima na kikundi kilichosajiliwa, bei ikipangwa kwa majira, malipo ya awali yakitolewa wakati wa giza.

Niseme pia wazi kwamba cha hapa si lazima kiwe salama. Dagaa walioanikwa mchangani wanakuja na mchanga, na mvua za masika zikiwakuta hawajakauka wanaoza au wanaota ukungu; wa kwenye chanja ni safi na mnunuzi wa mbali anajua tofauti hiyo, ndiyo maana wale bora wanapanda lori na wa mchangani wanabaki kwetu. Mahindi ya mchango ni hatari zaidi. Mzazi analeta debe lililobaki, na si kila lililobaki ni zima. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha. Shule inayopokea mahindi kutoka kaya 400 bila kuyachambua, ikayachanganya gunia moja na kuyaweka kwenye sakafu ya udongo, inachezea maisha ya watoto. Vichaga vya mbao, mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, na ujasiri wa kumrudishia mzazi debe lake: hayo yatangulie kabla ya mabango ya lishe bora.

Bustani za shule nitazipitia haraka, maana zinapewa sifa kuliko kazi zinayofanya. Tuta la kabichi mbele ya ofisi, linalomwagiliwa sana wiki ambayo mgeni rasmi anakuja, halilishi watoto 600. Matembele, mchicha, mapapai na mipera nyuma ya madarasa vinastahili jasho hilo kuliko kabichi, kwa kuwa havihitaji dawa na vinavumilia likizo. Viazi lishe vya rangi ya chungwa navyo. Bustani iongezee kitoweo, isitumike kama kisingizio cha kutokinunua.

Limebaki swali la nani alipe, na hapa siasa imetuvuruga. Waraka wa elimu bila ada ulioanza kutekelezwa Januari 2016 uliondoa ada na michango ya lazima, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki mikononi mwa mzazi. Miaka miwili baadaye Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na walimu wakuu wengi wakaona ni salama zaidi kutogusa kabisa jambo la chakula. Siku hizi tunarudi kwenye kuchangia kwa makubaliano, na makubaliano yana watoto wawili: wa mzazi aliyechangia na wa mzazi ambaye hakuchangia. Huyu wa pili saa saba anaambiwa akacheze uwanjani, au arudi nyumbani ambako anajua hakuna kitu. Kamati zinasema zikimpa chakula wengine wataacha kuchangia. Ni kweli, baadhi wataacha. Lakini adhabu inampiga mtu ambaye hakuwa mkutanoni, hakupiga kura, na hana mahindi ya kuleta.

Ruzuku ya uendeshaji haiwezi kumsaidia. Kwa miaka mingi imekuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, Sh6,000 zikienda shuleni na Sh4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Hata mwalimu mkuu akizielekeza zote sita elfu jikoni, akaacha chaki na karatasi za mitihani, ni Sh31 kwa siku.

Ndiyo maana nasisitiza mgawanyo wa kazi. Unga na maharage wazazi wanavyo shambani, na kwa mzazi wa Kasulu au Buhigwe kutoa debe baada ya mavuno si jambo la kumvunja mgongo. Fedha taslimu ndiyo hawana. Kitoweo kinataka fedha taslimu, kidogo lakini kwa wakati, na fedha hiyo halmashauri inayo: inakusanya ushuru wa dagaa kwenye mialo hiyohiyo na ushuru wa mawese kwenye mageti hayohayo. Sehemu ya ushuru huo ikirudi kama dagaa na mawese kwenye sufuria ya shule, inamhusu kila mtoto aliyepo shuleni siku hiyo, wa mchangiaji na wa asiyechangia, maana imetoka kwenye mfuko wa wote. Na mzazi anayeona mwanawe anakula ugali wenye kitoweo anashawishika kuleta debe kuliko anayetishwa na mtendaji wa kijiji.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mabaraza ya madiwani yanajadili bajeti miezi mingi kabla ya hapo, wakati ziwa bado liko wazi. Diwani akitaka kujua kama halmashauri yake ina nia, asiulize idadi ya shule zinazolisha. Aombe kifungu cha kitoweo kwenye kasma ya elimu, aangalie kimeandikwa shilingi ngapi, kisha aulize zimetoka ngapi kabla ya 15 Mei.